Mama Mkwe, Moyo Wake na Sumaku Yangu

Mshauri mpendwa, niokoe kabla sijamuua mama mkwe wangu, na hapo sitanii.

Mimi ni mwanasayansi, kazini tuna sumaku kubwa kama tangi la maji, ukitumbukiza ndani yake kichupa cha dawa au mafuta, viini vya atomi hujipanga, tunavigutusha kwa mawimbi ya redio, navyo vikijibu tunajua kitu kile kimejengwaje, na mashine hiyo nimeivumbulia vifaa viwili, cha kwanza kinazungusha kichupa kwa hewa, cha pili ni koili, yaani waya uliozungushwa, ndogo kuliko punje ya mchele, inayosikia jibu la tone moja tu, basi kwa ajili ya koili hiyo bosi amealika familia zetu Ijumaa hii, na mama mkwe ameshashonesha nguo.

Shida ni kwamba mama ana kifaa cha betri kifuani kinachousaidia moyo kupiga, sumaku inaweza kukivuruga akaanguka pale pale, na kifaa chenyewe ni siri, mke wangu aliniapisha ndipo akaniambia, maana mama hataki mkwe ajue. Kila akitaka kuja kazini namzuia kwa uongo, mara bosi hapendi wageni, mara kunanuka, hadi juzi mezani akaniuliza, "Mkwe, huko umemficha mke mwingine nini?" nikacheka peke yangu.

Mke wangu nikimsihi aseme ananijibu, "Akijua nimetoboa siri atanisusa mpaka kaburini." Bosi naye anasema sumaku hii haizimwi kwa ajili ya wageni. Nimewaza kujifanya mgonjwa, lakini mama ataenda bila mimi. Nifanyeje?

Mkwe wa Koili

JIBU

Pole, mwanangu. Sasa nikuseme kidogo.

Umetengeneza kidude kinachosikia tone likinong'ona, halafu mama mzima anakuuliza kwa nini hatakiwi, unamwambia kunanuka! Yeye anaelewa kwamba unamwonea haya. Hilo la mke mwingine alikuwa anakurahisishia njia ya kusema ukweli.

Nguvu ya sumaku hupungua kadiri unavyosogea mbali. Ndiyo maana vyumba vya namna hiyo huchorwa mstari sakafuni, na mwenye kifaa kama cha mama hauvuki. Wewe unaujua mstari huo kuliko mimi, hata kama siku hizi unauruka ukiwaza koili zako. Sumaku haina adabu. Haitauliza huyu ni mama wa nani.

Leo, kabla hamjala, wewe na mkeo mwambieni mama kwamba siri yake unaijua na kwamba sumaku ni hatari kwake. Mkeo aanze, wewe umalizie, na msimsukumie mama lawama za kuficha. Kiapo ulichokula kilikuwa cha kutunza siri, si cha kumzika mwenye siri.

Kisha nenda kwa bosi, mwambie wageni wote wakae chumba cha mbali, ng'ambo ya mstari, waone majibu ya koili kwenye skrini. Wote, bila kumtaja mtu. Hapo hakuna atakayeuliza kwa nini mama yuko nje, kwa sababu kila mtu yuko nje. Bosi akibisha, mama abaki nyumbani na wewe ubaki naye. Koili itafanya kazi bila wewe kusimama kando yake na suti.

Mama atanuna, tena sana. Mwache anune, mwanangu. Mtu aliyenuna anapumua.