Cherehani ya Utepe Mwekundu

Kiwalani, Dar es Salaam
Jumatano, mchana

Kwa dada yangu mpendwa Atuganile,

Shikamoo dada. Habari za hapo Tukuyu? Shemeji hajambo? Mama mguu wake unaendeleaje, na ile baridi yenu bado inauma? Sie huku tunaiva kwa joto ila wazima. Mtoto ana mashavu kama maandazi, na shemeji yako Erasmus anakusalimu.

Dada, kama kuna mwanamke mwenye bahati kuanzia Chang'ombe mpaka Chanika, basi ndiye huyu anayekuandikia. Nimeacha kazi kama wakubwa wanavyoacha, kwa keki, maua na hotuba. Picha mmeziona. Ile cherehani ya umeme niliyoikumbatia, yenye utepe mwekundu, sasa iko barazani kwangu, na mafundi wa mtaa huu wakipita wanageuza shingo. Nani mwingine wa darasa la saba ameagwa hivyo? Waliosoma mpaka wakavaa miwani wanaondokaga kazini na bahasha ya kaki tu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako inapokelewa na kila mtu hapo nyumbani, na mama akisikia sauti yangu tu anajua nimelala na njaa au nimeshiba. Barua hii anakuletea kaka Romani wa kanisani. Isome peke yako.

Unamjua madam Margareta, mwenye kiwanda cha kushona sare za shule nilikokuwa nafanya kazi. Mimba yangu ilipokua alikuwa ananishika tumbo mbele za watu anasema, huyu akiwa wa kike ni mimi. Nami unanijua, nikipendwa kidogo nagawa mpaka nyumba. Mtoto akazaliwa wa kike, nikamwita Margareta. Erasmus alinuna, alitaka jina la mama yake. Nikamuuliza mama yako ana kiwanda? Madam akaja hospitali na mfuko wa nepi, akalia machozi kabisa, akatangaza kwamba yeye ndiye somo wa mtoto, kwa hiyo mie si mfanyakazi tena, ni ndugu.

Huo undugu, dada, ndio ulioninyonga.

Likizo ya uzazi ilipoisha nilirudi kazini na furaha zangu. Jirani yangu Chausiku alikuwa ananiletea mtoto mchana, nanyonyesha kwenye kibanda cha mlinzi, halafu narudi kwenye mashine. Sheria inanipa huo muda. Hata mlinzi mwenyewe anajua, na sheria pekee anayoisomaga yule ni ya mpira. Wiki haijaisha, madam akaniita ofisini, akanishika mkono, akasema mwanangu, wateja wanakukuta blauzi imelowa maziwa, haipendezi. Nikamwambia kunyonyesha ni haki yangu. Loo! Aliniangalia kama nimemtemea mate kwenye chai. Akasema haki ni mambo ya watu baki, ndugu hawatoleani sheria. Akaniuliza kama nataka somo wa mwanangu asimamishwe mbele ya maofisa wa kazi kama mwizi wa kuku.

Sasa wewe ungejibu nini? Mtu uliyempa mwanao jina lake unamshtakije? Kila ukimwita mtoto aje kunyonya unamwita mshtakiwa!

Basi akanipa karatasi na kalamu, akawa ananitajia maneno mie naandika: naacha kazi kwa hiari yangu, kwa moyo mweupe, nikamlee mtoto. Hiari! Mwenye hiari nani? Erasmus anaamka alfajiri kutafuta kibarua na anarudi na vumbi tu, halafu mie ndiyo niache kazi kwa moyo mweupe? Madam mwenyewe ana watoto wanne, wote walinyonya, au walikunywa soda?

Ijumaa ikawa sherehe. Keki ilikuwa tamu, siwezi kuisingizia. Tukalishana mbele ya simu za watu, akaniambia cheka, nikacheka, unajua meno yangu hayana choyo. Chausiku alikuwa mlangoni na mtoto, akasonya mpaka aliyekuwa anatoa hotuba akapotea njia.

Halafu ikaja desturi ya pale. Kiwandani kwetu nafasi haitangazwi. Anayeondoka kwa wema anamleta wa kwao. Nikiwa na keki mdomoni nikamtaja mwanao Tusajigwe. Wakapiga makofi, na nyie huko mkapiga. Nasikia mama alicheza kanisani, na Tusajigwe ameshamuaga fundi wake anayemfundisha kushona, Jumapili anapanda basi.

Jana madam amenipigia. Nikajua anamuulizia somo wake. Hakuuliza hata kama amekohoa. Ameuliza Tusajigwe ana mchumba? Nikasema anaolewa Desemba. Akasema basi harusi ingoje kwanza, mwaka mmoja au miwili, maana yeye habari za maziwa hataki tena kuzisikia. Dada! Binti yako akae bila mume ili sare za watoto wa watu zitoke kavu! Na anaongea kwa upole, kama anayekuombea dua.

Nilikata simu. Dada, usimpandishe Tusajigwe basi. Arudi kwa fundi wake, aolewe Desemba yake, nami nitakuja kupika. Mama mwambie ni mie nimekataza, aniseme mpaka Krismasi, mgongo wangu mpana. Kama si meno yangu kwenye zile picha, mwanao asingefunga begi.

Kesho nakwenda kwa maofisa wa kazi, Chausiku ananisindikiza, mtoto mgongoni. Sijui kama watanisikiliza, maana karatasi ile ina mwandiko wangu. Lakini wakiuliza namshtaki nani, nitalitaja jina la mwanangu bila kupepesa.

Nisalimie shemeji, mkande mama mguu kwa ajili yangu, na yale maharage mliyotuma, ndaga fijo, asanteni sana, tumekula tukalamba sufuria. Na Tusajigwe mwambie, shangazi wa mchumba wake aanze kuninunulia kitenge cha harusi.

Ni mimi mdogo wako,
Tupokigwe
(Mama Margareta, nifanyeje)

Nimesahau. Ile cherehani, picha zilipokwisha waliivua utepe wakairudisha ndani kwenye mstari wa mashine. Ndiyo aliyopangiwa Tusajigwe. Barazani kwangu kuna ndoo na nepi. Cherehani sina, dada, na kazi sikuacha. Nilifukuzwa.