Maua ya Bageni

Yaya Angèle, dada yangu mukubwa,

Sisi huku Musonoi tuko, batoto ni bazima. Merdi ameota meno. Roza zangu zilichanua sana mwaka huu.

Jana sosiete moja ya mine, kampuni ya kuchimba madini, iliniagiza maua ya kupatia bageni wao, ili urafiki wa kazi ukomae. Nilikata yote, nikapeleka mwenyewe. Mugeni mmoja akanusa, akauliza, "Mama, umeyalima wapi?"

"Musonoi, tata, nyuma ya nyumba yangu."

Akayaweka mezani, akamwangalia mukubwa wa sosiete. Huyo akanivuta pembeni. "Mama Bilonda, leo tumesaini nao mukataba. Avenue yenu, na nyumba zake zote, itabomolewa, tuchimbe chini yake."

Nilimwambia asante, yaya. Sijui kwa nini. Bwana yangu bado sijamwambia. Asubuhi hii anapaka rangi ukuta wa salon, sebule yetu, anaimba.

Mudogo wako anayekulilia,
Bilonda