Siku kumi za pampu

Jumanne, Kirumba

Sijatulia tangu Neema aliponipigia simu kutoka Nansio. Anahariri video za harusi, na mwaka jana alinunua pampu ya kupozea kompyuta kwa maji kwa sababu niliisifu kwenye video yangu mtandaoni. Jana mpira wa maji ulichomoka, kompyuta ikalowa, na video za harusi mbili zimepotea.

"Kaka, wewe uliijaribu kwa muda gani?" akauliza. Hakufoka.

Nikamwambia ukweli: siku kumi. Kelele na joto nilivipima vizuri, ila siku kumi hazionyeshi mpira utachoka lini.

Akasema, "Basi ungesema hivyo."

Leo nimeirekodi upya video ile, na nimelisema hilo mwanzoni kabisa. Lakini wale maharusi hawataoana tena kwa ajili yangu.