Binti Yangu Hakufungwa Shambani kwa Papa Basile

MAELEZO YA SHAHIDI
Biro ya gendarmerie, Kalemie, tarehe 14 Agosti 1991

Jina: Clémence Mwange. Umri: kama miaka arobaini na saba. Kazi: kuuza ndagala (samaki wadogo) sokoni. Makao: Kataki.

Nimekuja kwa sababu shemeji yangu, Papa Damien, amemushitaki Papa Basile kwamba anamufunga binti yangu Odile mu shamba lake kando ya mto Lukuga na kumulimisha kama mutumwa. Papa Basile amefungiwa hapa mu kasho tangu jana. Mimi njo mama ya Odile. Munisamehe nikikosea, sijawahi kuingia mu biro hii.

Mwaka jana Odile alifiwa na mutoto, akili ikamuacha. Alikuwa anatoka inje bila nguo, anaongea na watu tusiowaona. Aliyemufunga kamba ni shemeji, tena nyumbani kwetu. Mnamo mwezi wa pili nikamupeleka kwa Papa Basile, muuguzi wa zamani. Kule wagonjwa wanakula dawa asubuhi, kisha wanalima, wanachunga mbuzi, wanapika. Niliangalia kila mulango, hakuna kufuli. Nikamuuliza, "Papa, na akikimbia?" Akasema, "Tutamufuata polepole, Mama, tukiongea naye."

Mwanzo Odile alikuwa anatupa jembe na kukaa chini. Mwezi wa sita wakamupa kazi ya kulowesha mihogo michungu. Sisi wote tunaijua ile: ukiitoa mu maji mapema, inaua watu. Pale hawamupi kazi ile mutu ambaye akili haijatulia. Mimi niliogopa hata hivyo. Papa Basile akacheka: "Mama Odile, wa kwanza kula ni mimi."

Jumapili tarehe 11, Papa Damien alinichukua twende kumurudisha, eti ni haya kwa jamaa. Tukamukuta Odile mu maji mpaka magoti, anabonyeza mihogo kwa vidole.

"Toka, twende nyumbani."

"Baba mudogo, siendi. Hii bado ngumu."

"Munaona? Wamemuroga."

"Nyumbani ulinifunga na kamba ya mutumbwi. Hapa nani amenifunga?"

Saa sita akatuletea bukari, ugali wa unga wa mihogo yake, na samaki. Kwetu hakuna anayekula chakula cha mikono ya mugonjwa wa kichwa. Papa Damien akasukuma sahani. Papa Basile akala. Mimi nikanawa mikono, nikala. Tonge la kwanza nililimeza haraka kwa woga, nikaomba ingine. Odile akaniambia, "Mama, kula polepole, iko mingi." Ni yeye alikuwa ananituliza mimi. Shemeji akaondoka na hasira, kesho yake akaja kushitaki hapa.

Yeye ni mukubwa wa jamaa tangu bwana yangu afariki, sikatai. Lakini mutoto njo wangu, na amepona mbele ya macho yangu. Leo ametoka Lukuga kwa miguu yake, hakuna aliyemushika mukono. Yuko inje kwenye benchi. Mumuite, mumuulize mwenyewe.

Nimesomewa yote haya kwa Kiswahili, nimeyasikia, ni maneno yangu.

(Sahihi) Clémence M.

Maandishi ya adjudant aliyepokea maelezo: Odile ameitwa. Amejibu kwa utulivu jina, umri na siku ya leo. Nilimuuliza ni nani anamuzuia shambani. Akajibu: "Hakuna. Na ninyi, Papa Basile munamuzuia kwa nini?" Nimefuta mashitaka. Basile ameachiwa saa tisa mchana. Wote watatu wametoka pamoja.