Wiki Mbili na Kamera ya Shemeji

Jumatatu, 1 Februari 1999

Leo mimi ndiye mtu mkubwa Nyalenda nzima! Shemeji Gordon ameniachia kamera. Gordon ni mume wa dada yetu, dereva wa wale wazungu wanaopima gugu maji ziwani. Wazungu wameenda Uganda wiki mbili, kamera imebaki kwa gari. Akasema chezea, lakini Jumapili ya tarehe 14 naitaka, na ikiwa na mkwaruzo hata mmoja nitakuchuna ngozi.

Si kamera ya filamu. Ni kubwa kama nusu mkate na inakula disketi, ile ya kompyuta. Ukibonyeza inanguruma kidogo, kama paka, halafu picha inatokea hapo hapo nyuma kwa kioo! Hakuna kupeleka studio. Usipoipenda unafuta. Disketi ni moja tu, inashika picha ishirini. Ikijaa, lazima ufute moja ndiyo upige nyingine.

Nimepiga kumi na nne kabla ya chai. Mimi ni moto.

Kaka Enos akatoka nje na blanketi mabegani — jua la saa saba! — akaangalia kioo. Akacheka mpaka akakohoa. "Omera, ndugu yangu, familia nzima umeichinja." Kweli. Mama hana kichwa. Baba ana nusu. Akeyo, mdogo wetu, amebaki pua.

Enos ndiye wa kwanza kwetu, mimi wa katikati. Alikuwa kiwandani Nakuru, amerudi Krismasi. Suruali yake siku hizi anaifunga na kamba ya kiatu. Tunasema ni malaria. Malaria ya tangu Krismasi.

Jumanne, 2 Februari

Nimeenda kumringia Mzee Hemedi, mwenye studio karibu na msikiti. Miaka thelathini anapiga watu mbele ya lile pazia la maporomoko ya maji. Nikamwonyesha kioo. Nilifikiri atalia kwa wivu. Akaigeuza geuza, akauliza, "Na picha ukiifuta, inaenda wapi?"

Nikamwambia, Mzee, hiyo ni sayansi. Sijui mwenyewe. Mimi niliachia Form Two.

Akaona picha zangu, akashika kichwa. Akanipa sheria tatu bure. Moja, sogea, hao ni watu wako, hawaumi. Mbili, usimwambie mtu asimame, ukimwambia anakuwa mlingoti, mpige akiwa na kazi mkononi. Tatu, jua liwe mgongoni mwako, lakini si jioni, maana jioni kivuli chako kitaingia ndani ya picha kama mgeni asiyealikwa.

Halafu akavuta droo. Imejaa vipande, vitambulisho vya watu. Nikauliza, umekuwa polisi? Akasema hapana, hii ndiyo kazi siku hizi. Mtu akifa, nyumbani hakuna picha yake nyingine, wanaleta kipande. Yeye anaikuza ile sura, anaitia fremu, inakaa juu ya jeneza. "Watu wa mji huu," akasema, "wanazikwa na sura ya siku waliyogombezwa na karani."

Nilicheka sana. Nikatembea nikicheka mpaka mtaro wa Nyalenda. Hapo nikakumbuka kipande cha Enos. Macho yametoka, shingo imekazwa, kama mtu aliyeshikwa akiiba kuku.

Nitampiga Enos picha moja. Ya kweli. Kabla ya tarehe 14.

Alhamisi, 4 Februari

Nimeharibu.

Nilimwambia tu, kaka, kaa hapo kwa stuli nikupige moja safi. Mama alikuwa akiparua samaki. Kisu kikanyamaza. Baba akashusha redio.

"Ya kuweka wapi?" Enos akauliza.

"Ukutani."

"Ukutani, au juu ya sanduku?"

Kabla sijajibu Mama alinizaba kofi na mkono wa samaki. Magamba yakabaki shavuni. Kwetu mgonjwa haombwi picha. Ni kama umemwendea na futi ya seremala. Na mimi nilijua! Kila mtu anajua. Mdomo wangu ndio haujui.

Kamera iko chini ya godoro la Mama.

Jumamosi, 6 Februari

Nimeipata tena. Nimeapa kwa Mama kwamba napiga wazima tu.

Mpango wangu ni huu: napiga kila mtu, kila saa, mpaka wazoee, halafu Enos ataingia mwenyewe. Mimi si mjinga. Baba akinyoa ndevu mbele ya kile kioo chake kilichovunjika — nimesogea mpaka povu karibu liguse kamera. Akeyo akifukuza bata kwenye dagaa wetu wa omena. Zote zina vichwa! Nimeanza kuwa fundi, wallahi, kama anavyosema Mzee Hemedi.

Lakini Enos ana macho ya nyuma. Kila nikigeuza kamera, blanketi linapanda. Kwa picha zote sita za leo nina goti lake moja.

Jumatatu, 8 Februari

Enos ameninyang'anya kamera! "Lete. Unatetemeka kama mlevi."

Nikasema sawa, lakini kuna sheria, na nikamsomea zote tatu, sauti ya juu, kama mwalimu. Ya kusogea. Ya mlingoti. Ya jua la jioni na kivuli. Akasema, ndiyo mwalimu, nimesikia mwalimu.

Akakaa mlangoni kwa stuli. Hakupiga kitu. Saa nzima! Nikamwambia bonyeza basi. Kumbe alikuwa akingoja tumsahau. Mama akatoka bila kitambaa kichwani, akaanza kumcheka jirani aliyeteleza na ndoo, akajishika kiuno — Enos akabonyeza mara moja tu.

Mimi sijawahi kumwona Mama hivyo. Nakaa naye kila siku na sijawahi kumwona hivyo.

Halafu nikagundua amefuta zangu zile kumi na nne za kwanza.

"Mbona umefuta?"

"Zilikuwa maiti tu."

Akacheka peke yake. Hakuna aliyemsaidia.

Jumatano, 10 Februari

Nimempata. Nimempata!

Akeyo alivaa koti la Baba, linaburura chini, akawa anatembea kama chifu anayekuja baraza. Enos akacheka kile kicheko chake cha zamani, kichwa nyuma, lile pengo la jino likaonekana. Mimi nilikuwa ndani, dirishani. Sikupumua. Nikabonyeza. Ya ishirini. Disketi imejaa.

Kenya nzima hakuna picha kama ile. Hata wembamba wake hauonekani — unaona kicheko tu.

Sikuweza kunyamaza. Mimi na sifa zangu! Nikamkimbilia, ona, kaka, ona.

Akaangalia. Akaangalia sana. Nilifikiri atanipiga. Akasema polepole, "Ni nzuri."

Halafu akasema, "Futa."

Nikakataa. Nikamwambia nitamfuta yeye kwanza. Hakucheka. Akasema, Mama akiona hii kila asubuhi ukutani, kila asubuhi atangoja nimalizie kucheka. Wachukue ile ya kipande. Ile hakuna mtu atakayeililia.

Kwa hiyo alijua. Ya sanduku, ya droo ya Hemedi, yote. Tangu lini sijui.

"Na nataka nafasi moja," akasema. "Kuna moja sijapiga."

Nikamwambia afute nyingine, afute bata. Akasema mkubwa hapa nani? Nikabonyeza. Kamera ikanguruma. Imeenda.

Mzee Hemedi aliuliza inaenda wapi.

Akanituma nisimame kwa ua. Nikauliza, mimi? Wewe ndiye, akasema, unapiga watu wote na wewe haumo popote, utasema ulizaliwa na nani? Halafu akaniambia sijui maneno gani ya kijinga juu ya miguu yangu na bata, nikacheka kabla sijajua, na akabonyeza. Jua lilikuwa linaingia ziwani nyuma yake, likanichoma macho. Nikakimbia nione. Kioo kikazimika. Betri imekufa, na kamba ya kuchajia Gordon hakuniachia.

"Utaiona," akasema.

Ijumaa, 12 Februari

Gordon alikuja na pikapu. Tukambeba Enos ndani ya blanketi, mimi miguu, Baba mabega. Mwepesi. Mama amebaki naye hospitalini.

Jumamosi, 13 Februari

Gordon amechukua kamera siku moja mapema. Hajaangalia hata mkwaruzo. Kasema atazitoa picha kwa mashine ya ofisini kabla wazungu warudi. Akeyo amelala na koti la Baba. Hajaambiwa kitu, na haulizi.

Jumapili, 14 Februari

Naandika nikiwa kwa benchi la Mzee Hemedi.

Baba amerudi kutoka hospitalini alfajiri, akanipa kipande cha Enos. Peleka kwa Hemedi, aikuze. Nikauliza, kwani ame— Akasema, nimesema peleka. Sikuweza kumtazama, naye hakunitazama. Kwa hiyo sijui. Naandika hivyo: sijui.

Njiani nikapita kwa Gordon. Karatasi ishirini kwenye bahasha ya kaki. Mama na kiuno chake. Baba na povu. Bata. Ya mwisho ni mimi kwa ua, meno yote nje, mjinga kabisa. Na kutoka chini ya karatasi mpaka miguuni kwangu, kivuli. Kirefu. Kichwa, blanketi mabegani, viwiko viwili vimeinuliwa kama mabawa.

Mzee Hemedi ameishika karibu na dirisha. Kasema, huyu fundi hajui jua la jioni.

Nikamwambia anajua, Mzee. Nilimsomea sheria zote tatu mimi mwenyewe. Alisema nimesikia mwalimu.

Mzee amevua miwani. Anaifuta na kanzu, inachukua muda.

Kipande kiko mezani, na ile karatasi iko kando yake. Ameshawasha taa ya mashine. Anauliza, nikuze ipi, mwanangu?

Nje pikapu ya Gordon imesimama. Injini inanguruma. Mama yumo ndani, mbele. Hashuki. Ana blanketi la Enos mapajani, limekunjwa vizuri.

Mzee Hemedi amenyoosha mkono, anataka nimpe moja. Namwambia ngoja. Ngoja kwanza, Mzee —