Aliyetoka Kununua Chumvi

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla nyumba yangu haijageuka stoo ya mbao. Mimi ni seremala, natengeneza milango, na zamani nikiwa kijana, nikisubiri zamu yangu kwa kinyozi, nilisoma hadithi fupi katika jarida lenu la mwisho wa wiki, jina lake limenitoka, ila ilihusu watu wawili waliooana, chakula kikaiva wakaona chumvi imekwisha, mmoja akatoka kwenda kununua, mwenzake akabaki, na huyo aliyetoka akapotelea huko miaka na miaka, akaiona dunia, halafu jioni moja akarudi akabisha, mlango ukafunguliwa, wala hakuulizwa alikokuwa. Hapo kinyozi akaniita, "Wewe kichwa kikubwa, njoo," nikaliacha jarida kwenye benchi, lakini maneno yale hayakuniacha, nikajiambia kumbe ndoa ndiyo hiyo, kuaminiana bila mahojiano ya polisi, na Shangazi, nimeishi hivyo, nikifunga karakana napitia kwa wenzangu kwenye karata, narudi ninaporudi, sisemi nilikokuwa, na mke wangu akinuna namsimulia hadithi ile ili apoe, tena bawaba za mlango wetu nazitia mafuta mwenyewe kila Jumamosi nisije nikamsumbua nikiingia.

Sasa juzi juzi nilikuwa namsimulia tena, akaweka mwiko chini akaniuliza, "Huyo aliyetoka, ana ndevu?" Nikamwambia ni mume, mbona iko wazi. Akasema, "Wazi wapi? Siku zote unasema akatoka, mwenzake akabaki. Mimi miaka yote nilijua ni mke." Nikacheka. Mwenzangu hakucheka, akavaa viatu, akachukua mkoba, akasema, "Naenda kununua chumvi," na chumvi, Shangazi, ilikuwepo, kopo zima! Mpaka leo yuko kwa dada yake, na nikipiga simu shemeji ndiye anayepokea: "Bado hajapata nzuri, shemeji. Anachagua."

Naomba mnitafutie hadithi hiyo kwenye makabati yenu, mnipe nakala yenye muhuri wa gazeti nimpelekee, aone kwa macho yake kwamba anayetoka ni mume, maana nimewazungukia wauza vitabu chakavu mpaka mmoja akaniuzia kitabu cha ufugaji wa kuku.

Mwenye Mlango

*

Mwenye Mlango, pole. Pole hiyo ni ya kitabu cha kuku. Mengine umejitakia.

Hadithi yako tumeipata. Mtunza makabati wetu ameitoa chini ya vumbi, akapiga chafya hadi mhariri akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Inaitwa "Chumvi ya Jioni". Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani, nikitafuta ndevu. Hamna. Hamna mume, hamna mke; ni "mmoja" na "mwenzake" hadi nukta ya mwisho. Lugha yetu haina choyo, baba: neno "akatoka" linamtosha yeyote mwenye miguu. Ndevu ulizibandika wewe, tena kwenye benchi la kinyozi, mahali ambapo wenzako huenda kuziondoa.

Lakini ndevu si ugonjwa wako. Ugonjwa wako ni kwamba kinyozi alikuita mapema. Wewe uliishia "wala hakuulizwa alikokuwa." Baada ya hapo kuna mstari mmoja tu, na ndio wa mwisho: "Aliulizwa, 'Unamtafuta nani?' maana aliyefungua alikuwa mpangaji mpya."

Umesikia? Umejenga ndoa nzima juu ya adabu za mpangaji! Hakumuuliza alikokuwa kwa sababu hakumjua.

Na hebu niambie, fundi: mtu anayeamini kwamba haulizwi, mafuta ya bawaba ni ya nini?

Nakuonea huruma, maana barua yako imejaa ndevu, muhuri na kuku, na sijaona mahali uliposema unamkumbuka mkeo, ila nimekusikia. Tena shemeji yako ana akili kuliko sisi wote. Amekwambia "anachagua". Anayechagua hajaondoka.

Nakala hupati, nimeifungia kabatini. Ukimpelekea mke karatasi yenye muhuri, atakujibu kwa karatasi yenye muhuri. Kanunue chumvi, hiyo ya kopo iache koponi, uende nayo kwa shemeji ubishe hodi kwa sauti. Sema ulikokuwa jioni zile zote, hata kama ni kwenye karata na ulifungwa. Halafu muulize yeye alikuwa wapi wakati wewe hukuwepo, ufunge mdomo, usikilize. Ukisikia ulimi unawasha kusimulia hadithi, uma kidole. Na Jumamosi, mafuta yabaki karakana. Acha mlango upige kelele ukiingia, ajue ni wewe.

Ila nenda leo, maana leo ukibisha, atakayefungua bado anakujua.