Jazi Inayokubali Ungo

Mama,

Shikamoo. Sijui huko ulikopumzika watu wanaitikiaje, lakini mimi nimekusalimu, na nimekaa kidogo, maana hukupenda mtu aingie tu na kuanza kumwaga maneno.

Tangu tukuzike kabla ya masika, nyumbani mambo yanakwenda. Maharage tumevuna, si haba. Migomba ya karibu na mfereji iliinamishwa na upepo, nimeiwekea nguzo. Ng'ombe amezaa jike. Mama Eliya bado anavuka ua kuja kuazima chumvi, na bado harudishi. Kitu kimoja tu hakikuwa kinakwenda, nacho ndicho kimenifanya nikuandikie. Baba.

Baba alinyamaza, Mama. Alikuwa anakwenda kanisani, anakaa na wazee wenzake wa kanisa, anarudi, anavua koti, basi. Loshoro, mahindi yake na maziwa mgando, anaonja vijiko viwili anasema ameshiba. Redio yenu aliifunika kile kitambaa cheupe ulichokifuma mwenyewe, utadhani nayo imefiwa. Na Jumamosi jioni ndiyo ilikuwa inanimaliza kabisa. Unaijua Jumamosi yenu. Mlango wa mbele unafungwa, asije msharika akamkuta mzee wa kanisa anakata dansi, kisha nyie wawili uani, kati ya jiko na banda la ng'ombe, mnazunguka mpaka kuku wanahama. Sasa Jumamosi anaufunga mlango vilevile, halafu anakwenda kukaa kwenye kigoda anautazama uwanja mtupu. Niliogopa. Nimeshaona wazee wanaofuata wenzao hivihivi, kimyakimya, na nilijiapiza kwamba huyu sitamwacha aende.

Kanda zenu zimekufa. Nyingine zina ukungu, nyingine redio ilizitafuna wakati bado uko hai ukaitukana mbele ya mchungaji. Kwa hiyo nikaamua kumkusanyia Baba muziki mpya wa kucheza, wa kuanzia tu, mwingine tutaongeza taratibu. Nikamuuliza anataka nini. Akajibu bila kunitazama, "Jazi."

Basi mwanao nikajifanya najua. Nikashuka mjini mpaka Sokon One, kwa yule bwana anayejaza nyimbo kwenye fleshi. Akaniuliza vizuri tu, "Jazi ya wapi dada, ya kwetu au ya nje?" Nikasema ya nje. Nilikuwa nakumbuka hadithi yako ya Makumira, ulipokuwa unafua kwa yule mwalimu mgeni na mkewe, ukawachungulia dirishani wanacheza swingi sebuleni, mpaka mama yule akakupa kanda yako ya kwanza. Nikaona hapo nimepatia.

Jumamosi nikatoa spika uani. Mama weee. Akaanza mtu mmoja na saksafoni peke yake. Akapanda, akashuka, akazunguka, akasahau alikotoka. Mpiga ngoma anagusa hapa, anagusa pale, kama mtu anayetafuta sindano. Baba alisikiliza kwa adabu, mikono magotini, vile anavyosikiliza kesi za mipaka ya mashamba. Mwisho akainuka. "Ndeshi," akasema, "hawa bado wanapima vyombo. Wakianza uniite." Akaenda zake kulala. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, spika inaendelea tu.

Nikamrudia yule bwana. Akanicheka pia, kisha akanielewesha. Kumbe jazi ni ukoo mkubwa. Ipo ya kukaa na kusikiliza, ndiyo niliyombebea Baba. Ipo ya kuchezea, hiyo swingi yako, ya bendi kubwa zenye tarumbeta nyingi na besi inayotembea bila kusimama. Na ipo ya kwetu, zile bendi za dansi za zamani zilizojiita jazi kwa sababu wakati ule bendi isiyojiita jazi nani angeilipia kiingilio? Baba akisema jazi anasema zote mbili za mwisho kwa pamoja, maana nyinyi mlizicheza zote kwa miguu ileile. Akanijazia fleshi ikafurika. Nikarudi nyumbani na nyimbo kibao, na sijui hata moja ya kuanzia. Nyingine zinakimbia, mzee wa miaka yake angevunjika kiuno. Nyingine zinaanza vizuri halafu katikati zinageuka.

Ndipo nikakumbuka ungo.

Baba akileta kanda mpya, wewe hukusema nzuri wala mbaya. Ulikuwa unachukua ungo, unatia maharage, unakaa kwenye mkeka unapepeta. Ungo ukiingia wenyewe kwenye wimbo, kanda inabaki. Ukigoma, kanda inarudi kwa aliyeiuza, atake asitake. "Ungo ukikataa, mguu utakubalije?" Mimi siku zote nilidhani ni njia yako tu ya kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Nikatoa ungo wako, nikakaa palepale pako. Mama, unarusha, ndefu, unapokea, fupi. Ndefu, fupi. Na swingi ni hivyohivyo! Ndefu, fupi. Kumbe ulipokuwa dirishani Makumira hukujifunza kitu kigeni, ulikikuta kinafanana na mikono yako. Nilipopiga zile za mbio maharage yalimwagika, kuku wakapata sikukuu. Zile za kusinzia makapi yalikuwa yanarudi ndani. Nikawa nafuta bila huruma. Zilizobaki ni chache, nusu za tarumbeta za nje, nusu za kwetu. Moja anaimba mwanamke, sauti yake haina haraka, ungo ulikwenda wenyewe mpaka nikasahau kwamba napepeta.

Katika wimbo huo Baba akatokea mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Mama Ndeshi?"

Hakuwa ananiita mimi. Aliusikia ungo akadhani ni wewe. Nikanyanyua uso, akaona ni mimi, na jinsi uso wake ulivyobadilika sitakuandikia, inatosha kwamba mmoja wetu aliuona. Nikajua anarudi ndani. Hakurudi. Akavaa kile kiatu cha pili, akashuka uani, akanyoosha mikono kama alivyokuwa anakunyooshea wewe.

Nikaweka ungo chini, nikampa mikono. Tukasimama. Wimbo unapita, sisi tumesimama. Namngoja anichukue. Naye ananingoja. Nikadhani ni uchungu umemshika miguu, nikawa navumilia, mpaka akasema kwa sauti ndogo, kwa Kimeru, nianze. Nikamwambia aanze yeye, si yeye ndiye mchezaji?

"Mimi sijawahi kuanza," akasema. "Alikuwa anaanza mama yako. Kidole gumba chake, hapa." Akajigusa mgongoni, chini ya bega. "Akibonyeza nakwenda. Asipobonyeza nasimama."

Mama! Ewe mwanamke! Watu wote kutoka huku juu mpaka Kikatiti wanamjua Baba kwa dansi. Kwenye harusi wanamfanyia duara, wanampigia makofi, na wewe umeinamisha macho kama bibi harusi, eti unaongozwa. Miaka yote hiyo! Na ukaenda nayo kaburini bila kuniambia hata mimi binti yako. Sisi huku tunasema mzee ana huzuni, na kweli alikuwa nayo, lakini zile Jumamosi zote alikuwa pia amekaa anangoja kidole.

Nikapatafuta mahali pake, juu ya shati, nikabonyeza.

Akaenda. Akaenda, Mama! Kushoto, nyuma, akazunguka. Mimi ndiye niliyekosea, nikamkanyaga, akaguna, akasema, "Mama yako hakuwa mzito hivi," akacheka. Sijui kama ulikuwa unamchekesha hivyo kila Jumamosi, lakini mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tulipokupeleka hospitali. Jioni alikula bakuli zima, akaomba la pili. Kitambaa chako nimekitoa kwenye redio, nimekifua, nimekitandika mezani.

Sasa nakuaga, maana wimbo wa mwanamke yule umeanza na namsikia anaufunga mlango wa mbele. Pumzika vizuri, Mama yangu. Siri yako nitaitunza, harusini nitainamisha macho kama wewe. Na Jumamosi zote atakazojaliwa Baba, sitamwacha asimame. Nitabonyeza mimi.

Mwanao,
Ndeshi